Hakuna Mtu, ni Kaveke Tu

"Hakuna mtu, ni Kaveke tu."

Maneno hayo yaliruka ua wa kayaba yakamkuta Kaveke kwenye kamba ya nguo, kibanio kimoja amekiuma kwa meno, akianika ovaroli kuukuu ya mdogo wake, Maundu. Ovaroli hiyo haikuwa imefuliwa. Ilikuwa ikae hapo Krismasi nzima, pamoja na shuka moja na fulana zilizotoboka, ili mwizi akichungulia aseme nyumba ina watu.

Ng'ambo ya ua, Selpha, jirani yao, alicheka. Akauliza, "Sasa shemeji, kwani Kaveke si mtu?"

"Unajua vile namaanisha," Maundu akajibu. "Nyumba haibaki wazi. Yeye yuko."

Kaveke alikitema kibanio ndani ya ndoo. Yeye yuko. Tangu asubuhi alikuwa akiifunga nyumba hii kwa mikono yake mwenyewe, akijua kwamba wote wanaondoka, na yeye akiwemo. Sasa alisimama na ovaroli mkononi, akisikia nduguye akimweleza jirani jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameelezwa.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2004, na Kitengela yote ilikuwa inajifungia milango. Watu walilala Kitengela, lakini kwao kulikuwa kwingine: Kakamega, Siaya, Makueni. Krismasi ikikaribia kila mtu hurudi kwao, na wezi wanalijua hilo kama wanavyoijua njia ya chooni. Kwa jirani Wakhungu, mtaa wa nyuma, wezi walikuwa wamefagia nyumba hivi majuzi mpaka mifereji ya maji ikang'olewa ukutani. Friji ilibebwa, ila maziwa yaliyokuwemo yaliachwa sakafuni, yamepangwa vizuri. Tangu siku hiyo Maundu, aliyekuwa karani huko Kajiado, aliirudia hadithi ya maziwa hayo kila alipotoka kazini, na kila aliporudia aliitazama televisheni yake mpya kwa huruma.

Kaveke aliletwa hapa wakati Evalyne, mke wa Maundu, alipojifungua Mumo. Aliombwa asaidie kidogo, mpaka mtoto ashike shingo. Mumo sasa alikuwa nasari, akijua kuimba na kusingizia wenzake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kaveke alipewa jembe, akapewa ufagio, mwiko na mtoto juu yake. Hakunung'unika. Alipenda watoto, na jioni alikuwa na cherehani yake barazani. Evalyne alimwita Anti, kama watoto walivyomwita. Lakini Kitengela yote msichana wa kazi pia huitwa Anti, na wageni waliomwona akileta chai hawakujua tofauti. Hakuna aliyewaeleza. Na kila Krismasi Maundu alimwambia, "Dada, utushikie nyumba kidogo," naye akaishika, akala sikukuu na redio.

Mwaka huu ulikuwa uwe mwingine. Mama yao, Mwaitu kama Wakamba wanavyomwita mama, alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa na ukungu kabisa, na la pili lilikuwa linafuata. Alimtuma mtu wa kanisa kutoka kwao Nunguni na ujumbe mmoja tu: Kaveke aje nikiwa bado naona uso. Maundu aliusikia kwa masikio yake. Aliweka kijiko chini, akasema mbele ya mkewe na watoto kwamba mwaka huu watapiga kufuli na kwenda wote.

Basi Kaveke alimshonea Mwaitu gauni la njano, lenye maua makubwa kama sahani, rangi ambayo hata jicho lililochoka lingeiona. Leo alikuwa ameamka akiimba. Aliosha friji, akaegemeza mlango wake kwa mwiko ili isivunde. Kuku aliwapeleka kwa Selpha, na sukuma wiki zilizobaki zikawafuata. Akafunga gesi, akafunga maji. Mwisho akazitoa gambuti za Maundu, zile buti ndefu za mpira, akazipaka tope, akazisimamisha mlango wa nyuma. Hilo lilikuwa wazo la Maundu mwenyewe. Mwizi akiona gambuti ya mwanaume, alisema, anajua ndani kuna mtu.

Kaveke aliiacha ovaroli ikiwa imening'inia kwa bega moja, akazunguka nyumba mpaka kwenye gari. Pijo ya Maundu ilikuwa imejaa. Pale nyuma, alipoweka begi lake asubuhi, palilala godoro jipya la wageni. Begi hakuliona. Alilikuta nyuma ya mlango wa jikoni, limefunikwa na aproni, kama kitu kilichosukumwa kwa mguu.

Zipu ilikuwa wazi. Gauni halikuwemo.

Alirudi garini taratibu, hasira imempanda. Alichungulia dirishani. Juu ya sanduku la Evalyne, ndani ya mfuko wa karatasi, palichungulia ua la njano.

Walikuwa wamechukua zawadi wakamwacha mwenye zawadi. Mwaitu angevishwa gauni, angeligusagusa kwa vidole, angeuliza aliyelishona yuko wapi, na Maundu angejibu kwa sauti yake ile nzuri ya kanisani kwamba Kaveke anawasalimu sana. Kaveke aliliona jambo lote, hata aliona wakipiga makofi. Akafungua mlango wa gari, akautoa mfuko, akaurudisha ndani ya begi lake. Kisha akaenda mlango wa nyuma na kuzichukua gambuti.

Maundu alikuwa anatoka kwa Selpha, amevaa shati jeupe la safari, anapiga mluzi. Aliona gambuti mkononi mwa dada yake, mluzi ukafa.

"Dada, nilikuwa nataka kukuambia."

"Umeshamwambia Selpha," Kaveke akasema. "Nimesikia."

Maundu akaanza kueleza. Alieleza habari ya Wakhungu, akafika kwenye maziwa yaliyopangwa sakafuni, akaeleza jinsi mtu anavyojinyima kununua vitu kisha vije vibebwe na watu wasiojinyima. Alisema Pasaka si mbali, Mwaitu hahami, yeye mwenyewe angempeleka Kaveke Nunguni kwa gari lake. Alisema yote kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Kaveke zaidi, kwa maana ulikuwa upole wa mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini.

"Si nilikuwa nakuamini wewe peke yako?" akamaliza. "Hii TV nimwachie nani?"

Kaveke aliziweka gambuti juu ya boneti ya Pijo. Tope likachirizika juu ya rangi iliyooshwa asubuhi.

"Mwachie hii," akasema. "Umesema mwizi akiona gambuti atajua kuna mtu. Na mimi nikiwa ndani, nikipumua, unaambia majirani hakuna mtu. Sasa niambie, Maundu. Kati yangu na gambuti, mtu ni nani?"

Maundu alitazama ua wa kayaba, na juu yake akakiona kichwa cha Selpha, ambaye hakujisumbua kujificha.

"Ni maneno tu, dada. Kila mtu husema hivyo."

"Si kila mtu ameambiwa aje mama yake akiwa bado anaona."

Evalyne alikuwa ametokea mlangoni, mkoba begani. Aliona begi la Kaveke chini, limefungwa, na kona ya mfuko wa karatasi imebanwa na zipu. Uso ukamshuka. Alianza kusema kwamba alifikiria tu gauni lifike, lisikose Krismasi, kisha akaacha, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe.

Selpha ndiye aliyesema, kutoka juu ya ua. Alisema yeye na mumewe Ochola hawaendi Siaya mwaka huu, na kwamba tangu wiki jana alikuwa anangoja kuombwa. Taa ya nje ataiwasha na kuizima. Kuku tayari wako kwake. "Lakini shemeji alikuja kunieleza, hakuja kuniomba," akasema. "Mwanaume wa Ukambani, kuomba ni kama kung'olewa jino."

Evalyne alishuka ngazi, akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuanza kulivuta godoro. Lilikuwa limebanwa, akalivuta ameikita miguu yote miwili ardhini mpaka likatoka na kuanguka uani. Watoto, waliokuwa wameshapanda, walifurahi kupata nafasi.

"Panda, Anti," akasema bila kumtazama.

"Nina jina."

"Panda, Kaveke."

Kaveke hakupanda mara moja. Alilirudisha godoro ndani ya nyumba, akazirudisha gambuti mahali pake, akapiga kufuli, akampa Selpha ufunguo juu ya miiba ya kayaba. Alimaliza hata kuianika ovaroli, bega la pili, kwa sababu hakupenda kazi ya nusu. Maundu alifuta boneti kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Waliondoka hivyo. Kaveke alikaa nyuma, Mumo mapajani, begi miguuni. Hasira haikuwa imeisha. Alikuwa ameipakia pamoja na mizigo mingine, na ilikuwa nzito kuliko yote. Walivuka mto, wakapita viwanda vya Athi River, wakashika barabara ya Mombasa. Karibu na Makutano gari likaanza kupunguza mwendo.

"Gesi," Maundu akasema. "Ni nani alifunga mtungi wa gesi?"

Evalyne aligeuka akatazama nyuma. Kaveke alikuwa anaangalia nje, tambarare ya nyasi zilizoanza kuwa kijani kwa mvua.

"Hakuna mtu," akasema.

Gari liliingia kando ya barabara, likasimama. Lori likapita, likawatikisa. Maundu alikaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na shingo yake, iliyokuwa imenyooka tangu Kitengela, ikainama kidogo. Alikuwa akifikiria nyumba inayolipuka, au labda alikuwa akifikiria jambo jingine.

"Kaveke," akasema mwishowe, na hakusema dada. "Nimekukosea. Nilimwahidi Mwaitu, nikakuahidi wewe, halafu nikakufanya kufuli. Nakuomba unisamehe."

Kaveke aliyasikiliza maneno hayo, akayapima. Hayakutosha, ila yalikuwa yamesemwa kwa mtu.

"Nilifunga," akasema. "Endesha. Giza likiingia hataniona vizuri."

Maundu akawasha gari. Walipopita mji wa Salama, Mumo aliugundua mfuko wa karatasi, akauliza lile ua la njano ni la nani.

"La bibi yako," Kaveke akamwambia. "Nitamvisha mwenyewe."