Samaki wa Baharini Katika Chumba cha Mayu

Fundi Selestini alipita nyumba nzima akiwa na kipimajoto mkononi, na Specioza alimfuata nyuma kama mtu anayemchunga mwizi. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka tisini na saba, mwaka ambao mvua ziliikimbia Bariadi na wanawake wakawa wanafukua mchanga wa mtoni kwa bakuli ili wapate ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai. Katika mwaka kama huo mume wake, Constantine, alikuwa ameleta kutoka Dar es Salaam tangi la kioo la lita mia nne, refu kama jeneza, ili afuge samaki wa baharini.

Wala hawakuwa samaki wa kula. Wa kula wamejaa Lamadi, kando ya ziwa. Hawa walikuwa samaki wa kuangalia, wadogo kama kidole, wa njano na wa buluu, wasioishi ila ndani ya maji ya chumvi. Constantine aliwaona nyumbani kwa tajiri mmoja huko Dar, na tangu siku hiyo akawa haongei jambo lingine.

Miaka michache nyuma alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, ushirika ukayumba, na yeye akawa wakala wa kampuni moja ya Mwanza. Misimu mitatu tu, akawa na malori mawili, jenereta, nyumba ya vyumba sita, na neno jipya mdomoni: hadhi. Sasa meneja wa kampuni, Mzee Ngeleja, alikuwa karibu kuja kuwatembelea, na Constantine alitaka apewe uwakala wa wilaya nzima. Samaki walikuwa ni kwa ajili ya macho ya Mzee Ngeleja.

"Sebuleni hapafai," Selestini alisema, akionyesha dirisha la magharibi. "Jua la alasiri litapiga kioo, maji yatapata joto, samaki watakufa."

Chumba cha kulia chakula nacho hakikufaa, maana moshi na mafuta ya jikoni vingeingia majini. Ofisi ya Constantine ilipakana na jenereta, na ukuta wake ulitetemeka muda wote. Chumba chao cha kulala kilikuwa na ufa sakafuni.

"Tangi, maji na kabati lake ni karibu nusu tani, mama," Selestini alimwambia. "Ufa huu utafunguka kama mdomo."

Kilibaki chumba cha mwisho upande wa kusini. Fundi aliingia, akatazama kipimajoto, akapiga sakafu kwa kisigino, akatabasamu.

"Hiki ndicho. Kina ubaridi, jua haliingii, sakafu nzito, na mlango wake unatazama sebule. Hata ungejenga kwa ajili ya samaki usingejenga vizuri zaidi."

Kitandani mle alikuwa amekaa Milembe, mama yake Constantine, akichambua choroko kwenye ungo. Aliwatazama wote wawili, akaendelea kuchambua.

Chumba kile ndicho kilichozaa nyumba nzima. Milembe alipofiwa na mume, aliuza ng'ombe wote waliobaki zizini, akamsomesha mwanawe, na kwa fedha za mwisho akajenga chumba kimoja cha mawe chenye sakafu ya zege. Vyumba vingine vilikuja baadaye, vikashikizwa kwenye ubavu wake. Mle ndimo Specioza alimomzalia Kija, binti yao, ambaye sasa alikuwa akisoma bweni. Na mle ndimo bibi kizee huyu alimoweza kupumua, kwa sababu kifua chake hakikuvumilia joto wala vumbi.

Constantine alipofika jioni, aliambiwa matokeo ya upimaji. Hakuchukua hata dakika moja kufikiri.

"Mama atahamia stoo ya uani," alisema. "Tutaisafisha."

"Stoo ya magunia?" Specioza aliuliza.

"Ndiyo. Ina nini?"

"Haina dari, baba Kija. Ni bati tupu. Na vumbi la pamba limejaa mpaka kwenye kenchi."

"Nimesema itasafishwa."

"Mama yako ana kifua."

"Ni siku chache tu, mpaka mgeni aje aondoke. Usinifanye nionekane mtu mbaya mbele ya fundi."

Specioza alifungua mdomo ajibu, lakini Milembe alimtangulia.

"Nitahama," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba ni yake."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Specioza hasa. Kumkasirikia mume alikuwa amezoea. Kumkasirikia mzee kwa upole wake hakujua aanzie wapi. Alimfuata uani, akamkuta anakunja shuka zake.

"Mayu," alimwita mama mkwe kwa Kisukuma, "kwa nini umekubali?"

"Ukimkatalia mtoto wako mbele ya mgeni, umemvua nguo."

"Na yeye amekuvua nini?"

Milembe aliendelea kukunja.

Si kwamba wawili hawa walikuwa wamependana siku zote. Miaka ya mwanzo Specioza alisemwa na mama mkwe kwa kila kitu, kuanzia ugali wake mpaka namna alivyobeba kuni. Lakini mwaka Kija alipougua degedege, ni Milembe aliyetembea naye mgongoni mpaka hospitali, na tangu hapo Specioza alijua anaishi na mtu wa namna gani.

Kesho yake lori la Constantine lilifika kutoka ziwani na mapipa ya maji. Majirani walitoka na ndoo zao wakidhani wamekumbukwa. Specioza mwenyewe alitoka na madumu. Constantine alisimama mbele ya mapipa akatandaza mikono.

"Haya ni ya tangi," alisema. "Ya nyumbani yatakuja safari nyingine."

Esteria, jirani wa mkono wa kulia, aligeuka na ndoo yake tupu bila kuaga. Specioza aliona aibu ambayo mumewe hakuiona. Alibaki amesimama pale akiangalia maji matamu ya ziwa yakimiminwa kwenye kioo na kukorogwa chumvi ya magunia, mpaka yasifae kwa mtu wala kwa mboga. Ndani ya nyumba sufuria zilikuwa hazijaoshwa tangu juzi.

Constantine aliondoka kwenda Mwanza kumchukua meneja na kupokea samaki, ambao wangekuja kwa ndege. Usiku wa kwanza Milembe alikohoa huko stoo. Usiku wa pili alikohoa mpaka alfajiri. Kulipokucha Specioza alimkuta amekaa nje, mgongo ukutani, midomo imepauka, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

"Mwangaluka," alijibu, na neno likamchosha.

Specioza alikwenda kwa Esteria, akamwomba yeye na mumewe Mwandu waje wamsaidie kubeba. Walidhani wanabeba mgonjwa. Aliwaonyesha kitanda cha ndoa, cha mninga, alichokichonga fundi wa Maswa.

"Hiki kiende stoo," alisema. "Cha mama kije hapa."

Mwandu alisita. "Shemeji, Constantine anajua?"

"Atajua akifika."

Walibeba. Kwenye chumba kilichopasuka sakafu Specioza akatandika kitanda cha mama upande wa dirisha, na kwa ajili yake mwenyewe akatandika godoro chini. Kule stoo alitandika kitanda cha mume vizuri, shuka iliyopigwa pasi na mito miwili, ili asije akasema ametupwa. Selestini alikuwa akichungulia.

"Mama, bosi atasema nini?"

"Atasema atakachosema. Wewe koroga chumvi yako."

Constantine alirudi siku ya tatu pamoja na Mzee Ngeleja na mifuko ya plastiki yenye samaki. Kwa sababu ya mgeni hakukagua vyumba. Samaki waliwekwa majini, taa ikawashwa, pampu ikaanza kutoa mapovu, na kwa kweli walikuwa wazuri. Hata Specioza, akiwa na sinia la soda mkononi, alisimama kidogo akawatazama, kisha akajichukia kwa kusimama.

"Umefanya jambo," meneja alisema. Alikuwa mtu mzima, Msukuma wa Shishiyu, mnene na mpole. Alizunguka tangi mara mbili. Kisha akauliza, "Na mama yupo? Nilisikia unaishi na mama. Siwezi kula kwake sijamsalimu."

"Amepumzika, mzee," Constantine alisema haraka. "Ngoja nimwite stoo… nimwite huko nyuma."

"Hayupo stoo," Specioza alisema. "Yuko chumbani kwetu. Karibu, mzee, nikupeleke."

Meneja aliingia, akainama, akamwamkia bibi kwa Kisukuma kama mtoto wa nyumbani. Walizungumza ukoo na ng'ombe. Alipotaka kutoka alitazama godoro lililokunjwa pembeni.

"Mama ana kifua kibaya," alisema. "Hiki ndicho chumba chake?"

"Chake ni kile chenye samaki," Specioza alijibu. "Kwa hiyo sisi tumempa chetu."

"Na ninyi mnalala wapi?"

"Mimi hapo chini. Baba Kija kitanda chake kipo stoo ya magunia."

Hakuinua sauti. Constantine alimtazama kwa macho ambayo siku nyingine yangemfanya anyamaze wiki nzima. Mzee Ngeleja aliangalia saa, akala kidogo, akashukuru, akaondoka kabla jua halijapungua. Kuhusu uwakala wa wilaya hakusema ndiyo wala hapana.

Gari la meneja lilipotoweka, Constantine alifunga mlango wa mbele.

"Umeniaibisha mbele ya mtu anayenilisha."

"Nimejibu nilichoulizwa."

"Ungeweza kunyamaza."

"Mama amenyamaza. Umefanya nini na kunyamaza kwake?"

Alipiga meza kwa kiganja, chupa za soda zikaanguka. Lakini kiganja hakikwenda pengine. Alitoka nje, akasikika akimfokea Selestini, kwamba alimshauri vibaya, kwamba yeye ndiye aliyekichagua kile chumba. Asubuhi akamwamuru atoe samaki, akawauze kwenye hoteli yoyote Mwanza itakayowataka, na tangi lake.

Maji ya chumvi yalimwagwa uani. Ng'ombe wa Mwandu waliingia wakalamba udongo mpaka mchana, hakuna aliyewafukuza.

Milembe alirudishiwa chumba chake. Specioza aliisugua sakafu mara tatu, na bado michirizi myeupe ilibaki pale kabati lilipokuwa. Watu wangedhani hasira yake ingeisha. Haikuisha. Kadiri alivyotafakari ndivyo alivyoona wazi kwamba mume wake aliona aibu kwa meneja. Kwa mama yake hakuwa amesema hata neno moja. Alimpita sebuleni kama mtu anayempita mgonjwa wa mtu mwingine.

Basi kitanda cha mninga kikabaki stoo. Constantine alipouliza mara ya kwanza, Specioza alimwambia, "Siku utakayoongea na mayu, kitarudi." Alipouliza mara ya pili alimwonyesha kwa kidole mlango wa kusini.

Mwezi uliofuata mvua zilikuja, tena kwa fujo ambayo wazee hawakuikumbuka. Ziligonga bati la stoo, zikapenyeza kwenye matundu ya misumari, zikalowesha godoro. Constantine alivumilia siku nne. Siku ya tano, asubuhi, aliingia ndani na nguo mbichi, akapita jikoni bila kumtazama mkewe, akabisha hodi kwenye mlango wa kusini.

Alikaa mle muda mrefu. Mvua ilikuwa kubwa, na Specioza, aliyekuwa akisonga ugali, hakusikia kilichosemwa. Alimsikia Milembe tu mwishoni, akikohoa kidogo kisha akimwambia mwanawe avue shati lile, atapata homa.

Specioza alipakua ugali. Alitenga sahani tatu, na ya mume wake aliiweka mezani kwa kishindo.

"Kitanda utakibeba mwenyewe," alimwambia. "Mwandu simwombi mara mbili."