Taa Kumi na Mbili za Anselme

Mimi si mtu wa kinyaa. Mwaka wa tano nasafisha vyoo vya ofisi za wakubwa, na wakubwa, niwaambie ukweli, hujisaidia kama watoto wa chekechea. Nimeokota kwa mkono vitu ambavyo sitavitaja hapa. Lakini majira ya baridi ya mwaka 2004 niligundua kwamba kinyaa kina ngazi zake, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa imekaa sebuleni kwangu, Peckham, London, imevaa soksi nyeupe, inachokoa meno kwa kona ya kadi ya basi.

Huyo ni mume wangu, Anselme.

Mambo yalianza kwa simu ya mdogo wangu, Ghislain. Yeye alipokelewa Finland kama mkimbizi, kaskazini kabisa, mahali ambapo ziwa huganda mpaka gari linapita juu yake. Alikuwa amepata kazi ya majaribio kwa mzee mmoja anayepeleka watalii kuvua. Wanatoboa barafu, wanakaa juu ya vigoda, wanashusha ndoano kwenye tundu. Msimu ule watalii walikaa kutwa bila kuona hata gamba, wakarudi hotelini wamenuna. Mzee akataka kamera ya kushusha majini, ili mgeni amwone samaki kwenye kioo hata kama hatamkamata. Ghislain naye, kwa kujipendekeza, akasema shemeji yake wa London ni mtoto wa wavuvi, atawachagulia inayofaa. Wageni wakiona samaki, mkataba unasainiwa mwisho wa mwezi wa tatu. Wasipoona, kwaheri.

Na mkataba huo haukuwa wa Ghislain peke yake. Mke wake Anne na watoto wao wawili walikuwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, mwaka wa nne, wanalala chini ya turubai. Wakili alimwambia wazi kwamba bila karatasi ya kazi ya kudumu, ombi la kuwaleta halitasogea.

"Yaya," Ghislain aliniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "Anne na batoto beko ndani ya ile kamera. Unaelewa?"

Nilielewa. Anselme alichoelewa ni kwamba ameteuliwa kuwa mtaalamu, akavimba. Ni kweli baba yake alikuwa na mitumbwi ya taa kule Uvira, kwetu Kongo. Usiku usio na mwezi wanawasha karabai katikati ya ziwa, ndagala, yaani dagaa, wanapanda kwa makundi kuufuata mwanga, wanachotwa kama mchanga. Lakini Anselme mwenyewe hajawahi kuvuta wavu. Alikuwa mtoto wa tajiri, alisimama ufukweni na viatu vyake akingoja mabeseni yaletwe.

"Kuvua ni taa," alisema, chakula kikiwa mdomoni. "Samaki anapenda mwangaza sawa vile bibi anapenda kitenge. Tutatafuta kamera yenye mataa mengi."

Kabla hatujaiona hata kamera moja, alikwisha kumwambia Pasta wa kanisa letu, akaiambia kwaya, akanunua kadi ya simu na kuwaambia wajomba zake wote Uvira. Ghislain aliambiwa hivyo hivyo. Mtu akitangaza namna hiyo, maji yamekwisha kumwagika.

Tulikwenda Ilford kwa Bwana Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, anayeuza kamera za ulinzi na vifaa vya uvuvi katika duka moja. Alitukaribisha kwa Kiswahili cha Kenya na akafungua friji atupe soda. Mle ndani, kando ya soda na maziwa yake ya chai, nikaona bakuli za plastiki zimejaa funza. Wazima. Wengine wametiwa rangi nyekundu, kumbe ni chambo. Walikuwa wanapandana bila sauti yoyote. Nikageuza uso. Anselme akaichukua soda yake, akainywa yote na kucheua.

Bwana Balwinder akaweka kamera mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ya rangi ya machungwa, picha zake za rangi, na kulizunguka jicho lake taa nyeupe kumi na mbili. Ya pili ilikuwa mbaya kama kopo la nyanya lililookotwa. Picha zake nyeusi na nyeupe, na taa zake ni vidoa vidogo ambavyo ukiviwasha jicho halioni mwanga wowote.

"Mama, mimi sivui, mimi nauza tu," alisema Bwana Balwinder. Aliniangalia mimi, na hilo lilikuwa kosa la kwanza machoni pa Anselme. "Lakini wateja wananiambia hivi. Hii ya colour ni ya maji safi na jua. Chini ya barafu kuna giza, juu kuna snow, na maji iko na vumbi vumbi. Hii nyingine inaona kwa giza kama paka."

Anselme akacheka. "Wewe ni muhindi wa duka. Miye ni mutoto wa ziwa."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Bwana Balwinder hakukasirika. Alizifunga zote mbili katika maboksi yanayofanana, akanikabidhi. "Jaribuni nyumbani, Mama. Ile hamtaki, nirudishie Jumamosi."

Alhamisi mchana, Anselme akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilijaribu. Bafu letu halina dirisha, ukizima taa ni giza. Nikajaza maji. Lakini maji ya bomba hayawezi kukuambia kitu, hata kipofu anaona katika maji ya bomba. Ghislain alikuwa amesema maji ya ziwa lao yana rangi ya chai na matope yanaelea. Basi nikaleta ndoo niliyopigia deki jikoni, nikaimimina yote, na nywele zake, na makombo yake. Halafu nikachukua samaki wawili, bangala niliowanunua sokoni Rye Lane, wale wa mwisho wa siku, macho yameshaanza kuzama, nikawafunga mkia kwa uzi kwenye chupa ya mchanga na kuwazamisha. Harufu ilipanda. Hili ni bafu ambamo binti yangu Miradie huoga kabla ya shule. Nilitapika kidogo kwenye sinki, nikafuta mdomo, nikazima taa na kuacha mlango wazi kiasi cha kidole, kama vile mwanga unavyopenya kwenye tundu la barafu.

Nikashusha ile ya taa kumi na mbili. Kioo kikawa cheupe. Kila chembe ya uchafu wangu iling'aa na kucheza, unywele mmoja ukapita mnene kama kamba. Samaki walikuwa umbali wa viganja viwili na sikuwaona. Kama umewahi kumulika tochi jikoni kuni zinapofuka moshi, unajua: tochi inakuonyesha moshi.

Nikashusha lile kopo. Mwanzoni giza. Nikangoja. Kisha, polepole, kijivu juu ya kijivu, ikatokea mistari ya mgongo, halafu mdomo, halafu jicho bovu likinitazama. Nilipiga kelele za furaha, magoti yangu yamelowa maji ya deki.

Anselme alinikuta hapo. Akaziba pua, akauliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia aangalie. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, akaomba nirudie ya kwanza. Nilimtazama uso wakati ule. Mume wangu si mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Aliona na akaelewa.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi tunatuma hii."

Akaenda kunawa mikono, ingawa hakugusa kitu. "Nimesha kuwaambia watu ni ya mataa," alisema.

"Watu gani? Atakayeitumia ni Ghislain."

"Pasta anajua. Uvira banajua. Unataka nirudi niseme weye, bibi yangu, umenifundisha kuvua mu bafu?"

"Na Anne?"

Akajipangusa kidole kimoja kimoja kwa taulo. "Anne atangoja. Alisha zoea."

Alisha zoea. Funza hawakuwa wamenifanyia nililofanyiwa na neno lile. Nilimwangalia mtu niliyezaa naye, niliyevuka naye mipaka mitatu, nikahisi ninavyohisi ninapoinua kifuniko cha choo Jumatatu asubuhi. Niliwatoa wale samaki, nikasugua bafu kwa dawa ya javel mara mbili.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Katika ushirika wetu, mzigo wa kwenda kwa ndugu wa mbali huwekwa juu ya meza, watu wanaweka mikono, Pasta anaomba, halafu unafungwa kwa gundi palepale. Ukishafungwa haufunguliwi mpaka ufike kwa mwenyewe. Mzigo uliofunguliwa njiani, wazee husema, baraka yake imemwagika. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo, na sijui kama nimeacha kuamini. Ijumaa waliiombea kamera ya machungwa. Anselme alilia machozi. Jules wa kwaya alikuwa anaruka Jumatatu kwenda Finland, angeuchukua Jumapili.

Jumamosi asubuhi Anselme alikwenda kunyoa. Nikachukua kisu cha jikoni. Nilikaa mbele ya boksi lile kwa muda mrefu, nikasema, "Bwana, unanijua." Kisha nikakata gundi. Nikaitoa ile, nikaweka lile kopo, nikafunga tena mahali palepale. Saa sita nilikuwa Ilford. Bwana Balwinder aliipokea kamera ya machungwa, akaniuliza kama mzee wa nyumbani amekubali. Nikamwambia amekubali.

Mwisho wa mwezi wa tatu, Jumapili baada ya ibada, nyumba ilijaa. Nilikuwa nimepika wali, sombe ya majani ya muhogo na nyama ya mbuzi. Simu ikalia, Anselme akaweka spika ili wote wasikie.

"Nimesaini!" Ghislain alipiga kelele. "Shemeji, nimesaini! Bageni banaona samaki mpaka macho! Mzee anasema kamera kama hii hajaona!"

Watu wakashangilia. Mama Pasta akapiga vigelegele. Anselme akasimama, akaanza hotuba: baba yake, ziwa, karabai, jinsi taa inavyomwita samaki.

"Lakini shemeji," Ghislain akamkatiza, "zile taa kumi na mbili, nimezitafuta. Haziko. Hii iko nyeusi nyeusi, na tunazima kila taa ndiyo tunaona muzuri."

Anselme akanigeukia. Nikaona anaelewa, kwa mara ya pili. Hakuchukua hata pumzi moja.

"Nilibadilisha," alisema kwa simu, sauti tamu kama ya mhubiri. "Dakika ya mwisho. Niliweka samaki mu bafu, na maji machafu, nikajaribu miye mwenyewe. Nikaona taa itakuharibia."

Watu wakaguna kwa kustaajabu. Mtu mmoja akasema, "Huyo ni mwanaume." Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya nyama. Bafu langu, matapishi yangu, magoti yangu: aliyavaa mbele yangu bila kupepesa macho, kama koti lililookotwa ambalo mwenyewe amesimama hapo hapo.

Nikaweka sahani chini. "Ni miye," nikasema. "Yeye aliona kwa macho yake kwamba ya taa haioni kitu, na akaituma vile vile kwa ajili ya jina lake. Akasema Anne amezoea. Jumamosi nilifungua boksi nikabadilisha."

Nilidhani watamgeukia yeye. Mama Pasta alinitazama mimi, mkono kifuani.

"Mama Miradie. Ulifungua mzigo ulioombewa?"

"Nilifungua."

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu, Mama."

Akasogeza sahani yake mbali. Mwingine akasogeza, na mwingine, chakula changu kikabaki mezani kama kimeingiwa na mende. Hakuna aliyemuuliza Anselme hata neno moja. Yeye alikwisha kukaa, ameinamisha kichwa, sura ya mtu aliyeonewa na mke wake, na mzee mmoja alikuwa anampigapiga bega.

Ghislain alikuwa bado kwenye simu. "Yaya?" alisema. "Yaya, ni weye? Ngoja, kuna kitu Anne ameniambia nikuambie, alisema..."

Anselme akanyoosha kidole, akakata simu.

Nilivaa koti. Nikashuka ngazi, nikaenda mpaka duka la simu la Rye Lane, nikapewa kibanda namba tatu. Mle ndani mlinuka jasho, na mkonga wa simu ulikuwa unanata, unanuka midomo ya watu wote waliolia na kugombana humo tangu asubuhi. Siku nyingine zote huwa naupangusa mara mbili kwa kitambaa, kisha nauweka mbali na uso. Siku ile niliubana mdomoni kwa mikono miwili kama ulivyo.

"Ghislain," nikasema, "haya, niambie. Anne alisema nini?"