Maji ya Herufi Tano

Watu wa Kirua Vunjo walishapigania maji ya mfereji kwa majembe, walishashtakiana, walishanyimana hata salamu mlangoni mwa kanisa. Lakini kukosa maji kwa sababu ya Kiingereza? Hilo, jamani, halikuwahi kutokea mpaka mwaka huu, na aliyeumia kuliko wote ni Bernadetha.

Bernadetha, ambaye wengi humwita Mama Monica, ni mjane mwenye kihamba, shamba la kahawa na migomba, chini kidogo ya bwawa la mfereji. Mibuni ya marehemu mumewe ilizeeka mpaka ikawa inazaa majani matupu, akaamua kuing'oa apande mipya. Miche aliiotesha mwenyewe kwenye viriba, akaificha chini ya migomba, akawa anaiamkia kila siku kama wagonjwa. Basi jua la Januari likashika kweli kweli, miche ikaanza kuinamisha vichwa. Ikifa hiyo hakuna mingine, na yeye hana tena nguvu za kuanza upya.

Tangu enzi za mababu, bwawa huzibwa jioni kwa matope na magome ya migomba, na asubuhi mwenye zamu huzibua. Ila Mzee Kornel, mwenyekiti wa mfereji, alikuwa ametoka Krismasi na wazimu mpya. Vijana walipopanda kutoka Dar, mwanawe akiwa mmoja wao, walimwekea kwenye simu mchezo wa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi tano. Mzee akaupenda kuliko pombe ya mbege. Akatangaza: "Zamu zimekwisha! Kila asubuhi nitataja herufi mbili. Atakayetoa neno la herufi tano lenye herufi hizo, simu ikalikubali, maji yake. Simu haina ukoo wala shemeji!"

Na watu wazima, wenye wajukuu, wakaitikia ndiyo! Wakaona ni haki. Kamusi zikafukuliwa kwenye masanduku. Watu wakawa wanapita migombani wakihesabu vidole na kujisemea ovyo. Kwenye mazishi ya Bibi Tereza, padri alipomaliza sala na watu wakaitika Amina, jirani mmoja, Theodory, alinong'ona kwa masikitiko, "Tano kamili, lakini si Kiingereza."

Mshindi wa karibu kila siku alikuwa Ambrosi, aliyewahi kusoma seminari kabla pombe haijamrudisha nyumbani. Maji yalimjaa mpaka magimbi yakaoza na vyura wakahamia jikoni. Mkewe akamlilia aache. Ambrosi akasema heshima ni heshima, na akaendelea kushinda huku amevaa mabuti ndani ya nyumba.

Bernadetha Kiingereza chake kiliishia kwenye pakiti za dukani. Siku ya kwanza alikwenda bwawani na neno moja alilolikariri njia nzima: "sugar". Mzee Kornel akataja w na h. Theodory akaruka, "Whisky!" Simu ikakataa, herufi sita, na Theodory nusura alie. Ambrosi akasema "wheat", akachukua maji.

Siku ya pili herufi zikawa g na s. Bernadetha akanyoosha mkono juu. "Sugar!" akapaza sauti.

"Limeshatumika," akasema Mzee Kornel bila kuinua macho. "Ambrosi alilitoa wiki iliyopita. Neno likitumika linapumzika mpaka masika."

"Mzee, neno linapumzika, miche yangu inakufa!"

"Sheria ni sheria, Mama Monica. Kasome."

Kasome! Mwanamke amezika mume, amesomesha watoto kwa ndizi na maziwa, leo anaambiwa kasome. Alirudi nyumbani hasira zimemkaba. Akashika mche mmoja, jani likamkatikia mkononi. Akakaa chini, akalia kidogo, akajifuta kwa khanga. Ndipo macho yake yakatua mpakani mwa kihamba, penye masale.

Kila Mchagga anajua isale. Ukimkosea mtu, unachuma jani lile refu, unalifunga fundo, unampelekea. Hata kama ulimchomea nyumba, hana ujanja: lazima alipokee, na akishalipokea amesamehe. Anayelikataa anajitafutia balaa yeye na kizazi chake. Bernadetha akachuma moja, lililonyooka vizuri.

Kesho yake alifika bwawani jembe begani, isale mkononi. Wanaume wamekaa juu ya mawe, midomo inacheza. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kornel, akapiga goti.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba msamaha."

Mzee akashtuka, akaweka simu chini. Isale hupokewa kwa mikono miwili, naye ni mtu wa mila. Akalipokea. "Marahaba. Nimekusamehe, mama. Kwani umenikosea nini?"

"Bado," Bernadetha akasema, akiinuka. "Ndiyo naenda kukukosea sasa hivi."

Akashuka kwenye tope, akapiga jembe mara mbili tatu, magome yakang'oka, maji yakaruka kuelekea kihambani kwake. Wanaume wakasimama, wakapiga kelele. Ambrosi akauliza kama kosa linaweza kusamehewa kabla halijazaliwa. Theodory akasema jani limeshapokelewa, atakayemgusa mama huyu asije kulia baadaye. Hakuna aliyemgusa.

Miche ilikunywa, Ruwa, Mungu wetu, apewe sifa! Bernadetha alikuwa anamwagilia kiriba baada ya kiriba, anacheka peke yake, mara akamwona Mzee Kornel anateremka taratibu. Akakamata jembe vizuri. Lakini mzee akakaa tu juu ya jiwe, amechoka.

"Zamu zinarudi kesho," akasema. "Nimeshawaambia. Ila hujui umenitia wapi, Mama Monica."

"Wapi?"

"Mwanangu Godwin yuko Dar. Zamani alikuwa ananipigia Pasaka na Krismasi basi. Tangu aniwekee ule mchezo, anapiga kila asubuhi kuuliza leo nimepata neno gani. Mimi Kiingereza sikijui hata cha kuombea chumvi. Nilikuwa namtajia maneno yenu." Akainama. "Nikimwambia sina, atapiga tena kuuliza nini?"

Bernadetha akamwangalia. Alikuwa na hasira za siku tatu, hakujua aziweke wapi. Mtu mzima huyu, mwenyekiti, amewanyima watu maji kwa sababu ya upweke! Akataka kumtukana, akashindwa.

Simu ikaita mfukoni mwa mzee. Akaitoa, akaiangalia tu inavyolia. Bernadetha akaichukua kwa vidole vyake vya tope.

"Godwin? Mimi Mama Monica wa hapa chini. Marahaba, mwanangu. Leo baba yako hana neno, na kesho hatakuwa nalo. Hebu muulize kama amekula."

Akamrudishia. Mzee akaweka simu sikioni, akasikiliza.

"Bado, mwanangu," akasema. "Na wewe huko, unakula?"