Swichi ya Mtaa wa Mama

Pale kituo cha umeme mafundi walikuwa na mwiko wao: mtu hazimi mtaa wake kwa mkono wake. Zamu ya kuzima ikifika kwenu, unatoka nje kana kwamba unakwenda kunywa maji, mwenzako anamaliza kazi. Bosi hakujua, na kama alijua alijifanya haoni.

Lakini joto la mwaka huo halikujali mwiko wa mtu. Jua lilikaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga, na kati ya mafundi wawili wa zamu, mmoja alikuwa amebebwa hospitali hajitambui. Fundi wa pili akabaki peke yake na transfoma kubwa waliyoiita Bibi, maana hulalamika huku kazi inakwenda. Leo Bibi alinguruma kwa sauti nzito ya usingizi, na hewa juu yake ikatetemeka hata ukuta wa nyuma ukaonekana unaelea. Asipopunguziwa mzigo ataungua, na mji mzima, hospitali ikiwemo, utakosa umeme.

Mitaa mingine ilikwisha kuzimwa. Ulibaki wa mama yake, aliyekuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni, na mtungi wa akiba haukuwa umejaa.

Akapiga simu. Dada yake akaiweka kwenye mto wa mama.

"Mama, inabidi nizime kwetu."

"Uzime wewe?"

"Niko peke yangu."

"Basi zima, mwanangu. Hospitali kuna akina mama wengi. Ila simu usikate."

Fundi aliogopa, tena sana. Akazima. Mashine ikanyamaza, dada akafungua mtungi, kisha akatoka kutafuta mwingine. Pumzi za mama zikaja moja moja, kama za mtu anayepanda ngazi na kikapu. Fundi akakaa sakafuni, simu sikioni. Bibi akatulia, akabaki anakoroma. Mchana ukayeyuka taratibu, na akaona kama mama yuko chumba cha pili tu, mlango uko wazi.

Aliposhtuka, jua lilikuwa limeshuka na hakusikia pumzi. Akairukia swichi, akaurudisha umeme. Upande wa pili mashine ikaanza kuvuma. Ilivuma peke yake.

"Mama?"

"Mm. Nilipitiwa na usingizi," mama akasema. "Huyo Bibi wenu anakoroma kama marehemu baba yako. Kesho ukizima, nipigie tena."