Kikombe cha Sita

Swali la tatu la dodoso letu alilitunga kaka yangu Yotham. Tulikuwa kidato cha tatu, kundi la watu watatu: yeye, mimi na Mwantum. Mradi wetu ulihusu matumizi ya maji hapa Nzuguni, na bila kujua nyumba ina watu wangapi, hesabu ya ndoo isingetusaidia kitu. Lakini siku ya kwanza tu, bibi mmoja alitufukuza.

"Wajukuu zangu si mbuzi wa mnadani, mje kunihesabia."

Yotham akakaa chini, akafuta swali, akaandika jingine: Asubuhi mnaosha vikombe vingapi vya uji?

"Na wanaokunywa viwili je?" Mwantum akamuuliza.

"Hao ni nyie Warangi," Yotham akamtania. "Hata hivyo mnaosha kimoja."

Mwalimu Fabian hakuridhika. Alisema vikombe si watu. Tukimaliza, turudi kwenye nyumba tano tutakazozichagua kwa kura, tuhesabu watu wenyewe. Hata nyumba moja isipolingana, swali linafutwa.

Yotham alijaza fomu ishirini na nne. Namba moja ilikuwa ya nyumbani kwetu: vikombe sita. Wiki iliyofuata alishikwa na homa. Siku ya nne tukamzika.

Matanga yalipokwisha nilirudi shuleni. Mwantum alikuwa amekwisha kuingiza majibu yote kwenye jedwali. Tulivuta kura. Nyumba nne zililingana. Kikaratasi cha mwisho kilikuwa namba moja.

"Tuvute kingine," Mwantum alisema.

"Kura ni kura." Yotham angesema hivyohivyo.

Tulimkuta mama uani, anaosha vyombo. Mwantum akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasoma swali polepole, macho kwenye karatasi. Mama aliendelea kusugua sufuria.

"Sita," alisema.

Nilijua atasema hivyo. Tangu mazishi, kila asubuhi alitoa vikombe sita na kuosha sita, cha bluu kikiwa hakijaguswa na mtu. Sikuwahi kumuuliza.

Idadi ya watu nilipaswa kuijaza mimi. Kama ningeandika sita, swali la Yotham lingebaki. Lakini ni yeye aliyekuwa akitukumbusha kila jioni kwamba namba moja ya uongo huzitia shaka nyingine zote. Niliandika watano.

Kesho yake mwalimu aliipitia fomu.

"Vikombe sita, watu watano. Cha sita ni cha nani?"

"Cha aliyetunga swali, mwalimu."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake, na mimi nikawa naitazama hiyo tu. Mwisho akaifunga, akanisogezea karatasi.

"Andika maelezo hapo chini. Mafupi. Swali libaki."

Nikaandika: Nyumba namba moja, tofauti ya mtu mmoja. Sababu inajulikana.