Theluji Haifunguki

Kornelia wa Uru alinunua simu aina ya Theluji kwa sababu tangazo lilisema mwizi akiiba ataishia kuitazama tu. Siku moja ikaita akiwa anakamua, mikono imelowa maziwa. Akabonyeza kitufe cha sauti kwa kiwiko ili kuinyamazisha, nayo ikafunguka bila namba ya siri. Wifi yake Elisifa alikuwa na Theluji pia. Wakaipigia, wakabonyeza, nayo ikafunguka.

Kornelia akateremka mjini Moshi kwa meneja wa duka la kampuni, kijana nadhifu aitwaye Eliufoo. Eliufoo alimwamkia shikamoo, akamnunulia soda, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba asimwambie mtu. Alisema wataalamu walikuwa wanalishughulikia tatizo hilo. Baadaye ukaja ujumbe kwamba simu zimeboreshwa. Kornelia akaichunguza yake. Saa ya kwenye kioo ilikuwa imehamia kushoto. Kitufe kilifungua vilevile. Alipokwenda tena kulalamika, alipewa kofia.

Kampuni ilipozindua Theluji mpya kwenye ukumbi wa hoteli, Eliufoo alimwalika kama mteja mwaminifu, akamketisha nyuma kabisa pamoja na Elisifa. Simu ya Eliufoo ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa. Alitamba kwamba hakuna wa kuifungua isipokuwa mwenyewe, akakaribisha yeyote ajaribu. Kornelia akainuka, akaenda mbele.

"Mama, si tulishaongea?" Eliufoo alinong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Tuliongea. Nimekuja kuona mmefikia wapi."

Watu wakacheka, na Eliufoo hakuwa na namna ya kumzuia. Elisifa akapiga namba ya meneja iliyoandikwa kwenye bango. Simu ikaita, Kornelia akabonyeza kitufe cha sauti, ikafunguka pale pale Eliufoo alipoishia kusoma. Ujumbe kutoka makao makuu ukajaa ukutani: "Tatizo tunalijua tangu mwaka jana. Msiseme mpaka mzigo uishe."

Mzee mmoja wa mbele akairudisha simu yake mpya kwenye boksi, akalisukuma boksi mpaka miguuni pa Eliufoo.

Kesho yake kampuni ikatangaza kwamba, kufuatia utafiti wake wa kina, imegundua dosari ndogo na kuirekebisha. Kweli, safari hii kitufe hakikufungua kitu. Kilichoshindikana mwaka mzima kiliwezekana kwa usiku mmoja. Kornelia hakutajwa popote. Eliufoo alipandishwa cheo, akawa mkuu wa kitengo cha imani ya wateja.

Kornelia alimpigia kumpongeza. Simu iliita mpaka ikakatika.