Jiwe la Angani Lenye Jina Lake

Alichokiona fundi wa nguo kwanza ni kwamba kaka yake aliosha kikombe chake mwenyewe. Akakifuta, akakirudisha kabatini, kisha akavuta kigoda karibu na cherehani. Fundi akajua kuna jambo. Tangu kaka aajiriwe kwenye kituo cha kuangalia nyota, hakuwahi kuosha hata kijiko akija nyumbani.

"Dada, lile jiwe langu limepata namba," akasema.

Jiwe lenyewe walilijua wote. Miaka ya nyuma kaka alikuwa akilinganisha picha za kipande kimoja cha anga. Nyota zote zimetulia tuli, ila kinukta kimoja kimesogea. Kumbe ni asteroidi, jiwe linalolizunguka jua kule katikati ya Mirihi na Mshtarii. Lakini kuliona si kulipata. Lilipotelea upande wa jua, likatafutwa, likaonekana, likapotea tena, hadi njia yake ikajulikana sawasawa. Hapo ndipo jiwe hupewa namba, na aliyeligundua akaruhusiwa kupendekeza jina.

"Nimelipa jina lako."

Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, akaweka ungo chini. "Mwanangu kapewa nyota."

"Si nyota, mama. Ni jiwe."

"Jiwe la huko juu si sawa na la kusugulia visigino. Sema basi, we binti, au umemeza sindano?"

Fundi akatabasamu, macho yakiwa kwenye sare ya shule aliyokuwa anaishona. Moyo ulimruka, kweli. Aliwaza kitu chenye jina lake kikienda zake huko, hakimwombi mtu ruhusa.

"Wanataka na maelezo mafupi," kaka akasema, akitoa simu. "Natuma sasa hivi. Yakishachapishwa ndiyo basi tena. Sikiliza." Akasafisha koo. "Dada wa mgunduzi, fundi wa nguo, ambaye kwa hiari yake aliacha shule ya msingi ili kaka yake asome."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya kanyagio.

Kwa hiari yake.

Damu ikamchemka hadi masikioni. Akakanyaga tena, kwa nguvu, sindano ikakimbia, kola ikashonwa upande. Akaifumua.

"Futa hayo maneno."

"Maneno gani?"

"Hayo ya hiari."

Kaka akacheka. "Usijishushe, dada. Acha watu waujue moyo wako."

"Mtu anapambwa, ananuna kama kamwagiwa maji machafu," mama akasema. "Mambo yenyewe ya zamani. Baba yako mwenyewe hayupo tena."

"Na uliridhika," kaka akaongeza.

"Nani kakwambia niliridhika?"

"Mbona hukuwahi kusema kitu?"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto, na haya zake zimewafaa wote humu ndani. Asiposema, wanasema kakubali. Sasa wanataka kuzipandisha mpaka mbinguni, zizunguke huko milele na uongo wao.

"Niandike nini basi?" kaka akauliza. "Kwamba baba alikutoa shule kwa nguvu? Tuwaaibishe wazazi mbele ya dunia?"

"Kama huwezi, litafutie jina jingine."

"We mtoto, una wazimu?" mama akasema.

"Natuma," kaka akasema. "Hasira zikiisha utanishukuru."

Fundi akainuka, akamnyang'anya simu. Hakupiga kelele. Kaka akabaki ameunyoosha mkono mtupu, maana mdogo wake huyu hakuwahi kumpokonya kitu maishani. Fundi akayasoma yale maneno polepole, akayafuta, akabakiza jina peke yake na kwamba mwenye jina ni fundi wa nguo. Akamrudishia.

"Haya. Tuma."

"Lakini dada, nimekukosea nini mimi? Si nilitaka kukuheshimu tu?"

Mama akaita jina la binti yake kwa sauti ya kumkanya. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Ulikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimeng'ang'ania mguu wa meza, baba ananivuta. Nikakuangalia wewe. Ulijua nataka kusoma, maana usiku tulikuwa tunasoma wote. Ungesema neno moja tu, baba alikuwa anakusikiliza. Ukachukua mfuko wako ukaenda shule. Nilikuchukia siku ile, kaka. Na bado nakuchukia."